Maladjusted na maladapted si pacha

Muulizaji kaona kamusi yake imeyafasiri maneno haya mawili ya Kiingereza "asiyeendana na mazingira", anataka kujua kama anaweza kutumia lolote. Hapana, kila moja lina kwake.

Anzia kwenye vitenzi. Adjust ni kurekebisha kidogo kidogo mpaka kitu kikae sawa, kama kioo cha gari. Adapt ni kubadilika ili kufaa mahali au kazi tofauti. Kiambishi mal- hakikanushi, kinasema jambo limekwenda vibaya. Ukitaka tu kusema "hajabadilika", hiyo ni unadapted.

Maladjusted humkaa mtu, hasa mtoto, anayeshindwa kuelewana na wenzake au kutulia kihisia. (Hata breki zilizorekebishwa vibaya huitwa hivyo, ila ni nadra.) Uingereza liliwahi kuwa neno rasmi: kanuni za mwaka 1945 zililifanya kundi mojawapo la wanafunzi wa elimu maalumu, na Sheria ya Elimu ya 1981 ikayafuta makundi hayo. Siku hizi linanuka lawama, kwa hiyo usiliandike kwenye ripoti ya mwanafunzi. Martin Luther King Jr. aliligeuza makusudi, akisema anajivunia kuwa maladjusted mbele ya ubaguzi wa rangi. Weka maladapted hapo uone: utani wote unakufa, maana lile la kwanza hubeba hukumu ya jamii na hili halibebi.

Maladapted ni la viumbe, miili na mifumo. Kasa mchanga akitoka kwenye yai usiku hufuata upeo ulio angavu zaidi, na kwenye ufuko wenye giza huko ndiko baharini. Washa taa nyuma ya ufuko, naye anatambaa kuelekea barabarani. Kumwita maladjusted ni kichekesho. Silika yake ni nzima, mahali ndipo palipobadilika. Yeye ni maladapted kwa ufuko wenye taa, na kile kitendo cha kufuata taa ni maladaptive.

Hapo ndipo wengi huteleza: maladaptive ni sifa ya tabia au mbinu, kwa nadra sana ya mtu. Mwanafunzi anayekwepa mitihani ili asipate hofu ana maladaptive behaviour. Usimwandike "a maladaptive student".

Kihusishi ni to kwa maladjusted na maladapted, ingawa maladapted hukubali pia for. With usiiweke.