Sita si tusi: majibu kwa wapenzi wa gemu

Tangu nilipoanza kuandika hukumu za gemu za studio za kujitegemea, khasa zile ambazo si mbovu wala si za kusimuliwa, maswali yanayoletwa yamezidi nafasi niliyonayo. Nimechagua machache na kuyapanga kwa namna yalivyonigusa, bila ya kujali nani alitangulia kuuliza.

Yooka-Laylee uliipa sita kati ya kumi. Imekukosea nini? (Msomaji wa Michenzani)

Haijanikosea kitu, na nimeipa zaidi ya nusu ya alama zote. Mtoto akirudi kutoka skuli na sitini kwa mia, hakuna mzazi anayeita kikao cha ukoo, lakini gemu ikipewa sita watu huona imetukanwa. Mazoea hayo yana chanzo. Metacritic, wanaokusanya alama za wahakiki, huipaka filamu rangi ya kijani, yaani nzuri, ikifika 61 kwa mia, ilhali gemu haipati kijani hicho mpaka ifike 75. Matokeo yake ni kwamba msomaji amelelewa kuamini kuwa gemu yenye 70 ina maradhi. Jarida la Edge la Uingereza limeshikilia kwa miaka mingi kwamba tano maana yake ni wastani, na mimi nipo upande huo, kwa sababu kipimo ambacho tano yake haitumiki ni kipimo cha alama tatu kilichovishwa nguo ya kumi.

Ama gemu yenyewe, ilitengenezwa na Playtonic, studio ambayo baadhi ya watu wake waliifanyia kazi Banjo-Kazooie ya 1998, na mwaka 2015 mashabiki walichanga zaidi ya pauni milioni mbili ili ladha ile irudi. Ilirudi Aprili 2017, ikaja na kasoro zake za zamani. Ukimwingiza kinyonga, ambaye ndiye unayemchezea, kwenye pembe nyembamba, kamera hujibanza ukutani, ukawa unaruka huku unatazama jiwe. Katikati ya safari hukuzuia bata mmoja anayekuhoji maswali ya chemshabongo kuhusu mambo uliyoyapita, na ukikosea mara kadhaa unarejeshwa mwanzo, utadhani umekaa mtihani ambao hukujiandikisha. Rangi zake zinapendeza, muziki wake unabaki kichwani, na dunia zake ni pana kuliko mambo ya kufanya ndani yake. Hiyo ndiyo sita. Watu hao hao walipotoa Yooka-Laylee and the Impossible Lair mwaka 2019 waliachana na upana, wakatengeneza hatua fupi za kwenda mbele, na gemu ikawa bora kwa mbali.

Ni kweli kwamba makampuni huwahonga waandishi ili wapandishe alama? (Wasomaji watatu, kwa maneno yanayokaribiana)

Mimi sijawahi kuletewa hata waya wa pedi ya kuchezea. Ila alama huwalipa au kuwanyima watu wengine, na hilo ndilo lingefaa kuwashughulisha. Mmoja wa waliotengeneza Fallout: New Vegas ya 2010 alieleza kwamba studio yao, Obsidian, ingepata bonasi kama gemu ingefika 85 kwenye Metacritic, nayo ikaishia 84. Mkataba wa namna hiyo ni dhulma ya walioandika mkataba, na dawa yake haiwezi kuwa mhakiki wa Unguja kuongeza pointi moja kwa imani.

Gemu gani kali sasa hivi? (Hakutaja jina wala mahali)

Kwa mashine gani?

Uliisifu Rime. Nimeinunua ya mashine ya Switch na inakatakata mpaka macho yanauma. (Msomaji wa Mkunazini)

Pole sana, lakini nilichokisifu ni Rime ya mashine ya PS4, ile iliyotoka Mei 2017. Toleo la Switch lilifuata Novemba ya mwaka ule ule, na lilikuja limechoka: picha zenye ukungu na mwendo wa kusitasita, khasa kwenye maeneo ya wazi ambako gemu inataka usimame uvutiwe na bahari. Gemu ambayo nusu ya thamani yake ni kutazama haiwezi kuvumilia jambo hilo. Studio ndogo aghalabu hutengeneza kwa mashine moja kwanza, kisha kazi ya kuihamishia kwenye mashine nyengine hufanywa baadaye, mara nyingi na watu tofauti, na mashine inayopokea huenda ikawa dhaifu kuliko ya mwanzo. Kwa hiyo hukumu ya gemu ni hukumu ya toleo, na anayeandika alama bila ya kutaja mashine aliyochezea amekupa nusu ya habari. Tazama video ya toleo lile lile unalotaka kulinunua, na uangalie pale mchezaji anapokimbia, kwa sababu kila kitu hupendeza kikisimama.

Studio hizi zina watu wachache na fedha kidogo. Kwa nini usizipe alama za kuzitia moyo? (Msomaji wa Kiembesamaki)

Kwa sababu anayelipa si mimi. Kijana aliyeweka akiba kwa miezi ili anunue gemu moja anastahiki ukweli kabla studio haijastahiki kutiwa moyo, na alama ya huruma huchukua fedha mfukoni mwake ikampa mtu ambaye yeye hajui kwamba anamsaidia. Sadaka inayotolewa kwa mfuko wa mwengine ina jina jengine.

Isitoshe, uchache wa watu hauelezi kitu. Hollow Knight ya 2017 ilitengenezwa Adelaide, Australia, na timu unayoweza kuihesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Stardew Valley ya 2016 ni kazi ya Eric Barone, aliyeibuni, akaichora na kuitungia muziki peke yake. Kwa upande wa pili, Mighty No. 9 ilikusanya zaidi ya dola milioni 3.8 kwenye Kickstarter, tovuti ya kuchangisha fedha, mwaka 2013, ikiwa na jina zito la mtengenezaji mkongwe wa gemu, Keiji Inafune, mbele yake, ikaahirishwa tena na tena, na ilipotoka Juni 2016 ilikuwa baridi kama uji wa jana. Watu waliifananisha miripuko yake na pizza, na kwa sisi tuliokulia Forodhani, tukiiona pizza ikikaangwa mbele ya macho yetu, mfano huo uliidhulumu pizza.

Kinachoziangusha gemu nyingi za daraja hili ni kiasi. Mtu ana mawazo ya saa nne, kisha anaamua kutengeneza saa kumi na tano, kwa kuwa anaogopa ataambiwa gemu yake ni fupi. Zile saa kumi na moja zilizobaki hujazwa kwa kutembea, kukusanya na kurudia. Ninapocheza huwa na daftari pembeni, na huandika saa ile ambayo gemu imenionesha jambo jipya kwa mara ya mwisho. Tofauti kati ya saa hiyo na saa ya mwisho wa gemu ndiyo inayonipa alama, wala sijali kama waliotengeneza walikuwa watu watatu au mia tatu.

No Man's Sky inafaa kununuliwa sasa? (Swali linalorudi kama kipupwe)

Inafaa. Ile ya Agosti 2016 ilistahiki hukumu za kati na kati ilizopata, kwa sababu wachezaji wawili hawakuweza hata kuonana. Sasisho la Julai 2018 likaleta kucheza pamoja, na masasisho ya bure hayajakoma tangu hapo. Naonya tu kwamba kisa hiki kimegeuzwa kuwa udhuru wa kila gemu inayotoka mbichi, ati "watairekebisha", ilhali Hello Games, walioitengeneza, walikuwa wameuza nakala nyingi za kuwaweka hai katika miaka ya matengenezo. Studio isiyouza haina fedha za kukurejea, na wewe umeshalipia ahadi.

Unaandika kwamba gemu fulani ina "mruko mzito". Mimi kila gemu naona mruko wake mzito. (Msomaji wa Mwanakwerekwe)

Basi kosa ni la televisheni yako. Televisheni za kisasa huikwatua picha kabla ya kuionesha, na kazi hiyo huchukua muda. Gemu inayokwenda fremu 60, yaani picha 60, kwa sekunde hukaa na kila fremu kwa takriban milisekunde 17. Televisheni ikichelewesha fremu tano au sita, kidole chako kimebonyeza na mruko bado uko njiani. Ingia kwenye mipangilio ya picha, utafute hali ya gemu, uiwashe. Niliwahi kukaa kwenye kibanda kimoja cha gemu nikimtazama kijana akitumbukia shimo lile lile kwa muda mrefu huku akiilaani pedi, na mwenye kibanda tayari ameshika bisibisi ili aifungue. Tulibadilisha mpangilio huo mmoja tu, na kijana akavuka mara tatu mfululizo bila ya kusema neno.

Ukishasafisha upande wako, ndipo unaweza kuihukumu gemu. Celeste ya 2018 hukuruhusu kuruka hata baada ya mguu kuacha ukingo kwa fremu chache. Ni hisani ndogo isiyoonekana, inayomfanya mchezaji ajione hodari. Gemu za wastani aghalabu hazina hisani hiyo, na watetezi wake huita ukavu huo "ugumu".

Tales of Kenzera: ZAU ni gemu inayozungumza Kiswahili, nawe ukaipa sita na nusu. Huoni haya? (Msomaji wa Chake Chake)

Niliona haya kabla ya kuandika, na ndiyo sababu niliicheza mara mbili. Usiku wa kwanza nilichagua sauti za Kiswahili, na mama, ambaye kwa miaka yote ameichukulia mashine ile kuwa kelele ya watoto, alitoka jikoni na mwiko mkononi akauliza nani amefiwa. Akakaa. Sijawahi kuona gemu nyengine ikimfanya akae.

Na kweli ni hadithi ya msiba. Abubakar Salim, mwigizaji Muingereza mwenye asili ya Kenya, aliyempa sauti Bayek, shujaa wa gemu ya Assassin's Creed Origins, aliibuni baada ya kufiwa na baba yake, na studio yake ya Surgent ikaitoa Aprili 2024. Kijana Zuberi, aliyefiwa na baba, anasoma kitabu alichoachiwa. Ndani ya kitabu hicho shujaa Zau anapatana na Kalunga, mungu wa mauti, kwamba atamletea roho tatu kubwa naye arejeshewe baba yake. Kuna mahali ambapo Zau huketi chini ya mbuyu akazungumza juu ya aliyemkosa, na uhai wake ukaongezeka. Wazo hilo ni zuri mno: kuomboleza kunamtia nguvu, wala hakumpunguzi. Wanaodhani kila kilichomo ni chetu watulie kidogo, maana katika roho hizo Impundulu anatoka kusini mwa Afrika na Kikiyaon Afrika Magharibi.

Sasa tuje kwenye pedi. Zau ana vinyago viwili, cha jua kwa mapigano ya karibu na cha mwezi kwa kupiga kwa mbali, na kubadilisha kimoja kwa chengine katikati ya pigo kunaburudisha. Lakini maadui ni wachache wa aina, na baada ya saa mbili nilikuwa nawajua wote kwa miondoko. Kilichoongezeka ni idadi yao. Kuna vipande vya kukimbizwa ambavyo kosa moja ni kifo, na unarudishwa nyuma ukayarudia yale yale mpaka uzito wa hadithi unageuka kuwa uchovu wa vidole. Mama aliondoka hapo. Alisema, "Huyu mtoto na alie basi, wanamkimbiza wapi?" Sina uhakiki bora kuliko huo.

Ningeipa nane ungefurahi, na wiki ya pili ungeniandikia kwamba nimekudanganya kwa sababu ya lugha. Baya zaidi ni kwamba ningekuwa nimesema kazi ya Kiswahili hupimwa kwa mizani ya watoto. Najua kwamba miezi michache baada ya gemu kutoka studio ilipunguza wafanyakazi, na liliniuma. Sauti zile za Kiswahili nimezisifu kwa ukamilifu wake, na maadui wale nimewasema kwa uchache wao, katika aya mbili tofauti ili mtu asidhani moja inafuta nyengine. Inunue, uicheze kwa Kiswahili, na umwite mzee wako.

Gemu isiponipendeza naweza kurudishiwa fedha? (Msomaji wa Jang'ombe)

Kwenye duka la PlayStation unazo siku 14, kwa sharti kwamba hujaanza kuipakua, maana yake hakuna kuonja. Steam, duka la gemu za kompyuta, hukuruhusu kuicheza chini ya saa mbili. Na mnaotumia akaunti za nchi nyengine, hakikisheni kadi mnayoinunua ni ya nchi ile ile ya akaunti. Nimechoka kupokea vilio vya kadi ya Marekani kwenye akaunti ya Uingereza.

Huku kwetu umeme ukizimika napoteza kila kitu. Mbona wahakiki hawasemi chochote juu ya kusevu? (Msomaji wa Wete)

Kwa sababu wengi wao huandikia mahali ambapo umeme hauzimiki. Mimi huhesabu dakika kati ya sehemu moja ya kuhifadhi na nyengine, na gemu inayozidi dakika ishirini huipunguzia alama waziwazi. PS5 iliyolazwa usingizini hupoteza gemu iliyoachwa wazi umeme unapokatika. Xbox Series huweza kuikumbuka ikiwa uliiacha kwa utaratibu kabla ya kukatika. Switch ina betri yake, na ukiishika mkononi hutajua hata kama mtaa umeingia giza. Kama unaanza kununua na uko Wete, anza na Switch, ila usianze na Rime.