Barua kwa mwanangu: kaeni Nagasaki, msiipitie

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeupata, pamoja na ratiba aliyowapangia wakala wa safari huko Doha. Maswali yako ni mawili. La kwanza, kama siku sita Nagasaki si nyingi mno, maana wakala amewatengea usiku mmoja tu huko, baada ya Tokyo, Kyoto, Osaka na Hiroshima. La pili, akiba mliyojiwekea wewe na mumeo mwaka hadi mwaka muitumie wapi hasa, ili safari iwe ya starehe.

Siku sita si nyingi. Zingekuwa nane ningefurahi zaidi. Ratiba ya wakala ndiyo inayonitia wasiwasi, kwa sababu mtalipia vyumba vya bei kubwa mlale saa chache, na kila asubuhi mtaamkia kufunga masanduku. Futeni Kyoto, Osaka na Hiroshima. Hiyo ni safari nyingine, mungu akijaalia. Laleni Tokyo usiku mmoja mtoe uchovu wa ndege, kisha uwanja wa Haneda mpande ndege ya ndani. Kama saa mbili hivi mko Nagasaki.

Unajua nilivyoufahamu mji ule. Chuo Kikuu cha Nagasaki kina kituo chake cha utafiti hapa Kenya tangu 2005, pamoja na KEMRI, taasisi yetu ya utafiti wa tiba, na watafiti wake walikuja hadi kwetu Kwale kufuatilia kichocho. Ndiyo njia iliyonifikisha kwao kusoma. Kwa hiyo ninayokuandikia ni ya mtu aliyeutembea mji kwa miguu, tena kwa mwendo wa pole.

Pesa ya kwanza itoeni kwenye chumba. Ghuba ya Nagasaki ni ndefu na nyembamba, milima imeizunguka pande tatu, na nyumba zimepanda miteremko hadi juu kabisa. Ukilala karibu na stesheni hupati kitu. Tafuteni hoteli ya mlimani upande wa Inasa, au mtaa wa Minami-Yamate, chumba kinachotazama bandari, na msiwe na haraka ya kutoka asubuhi. Mlima Inasa wenyewe una mita 333 na Wajapani wanasafiri kutoka mbali kuja kutazama taa za usiku kutoka kileleni. Nyinyi mtakuwa nazo dirishani. Masanduku makubwa msiyaburute; hoteli ya Tokyo itawaitia kampuni ya kusafirisha mizigo, myakute Nagasaki baada ya siku moja au mbili.

Pesa ya pili ni ya mwongozaji wenu peke yenu, siku mbili si zaidi, kwa sababu mji huu usipoelezwa unaonekana mdogo. Chukua Dejima. Ukiingia bila kuambiwa utaona ua wenye nyumba za mbao katikati ya barabara na majengo, uuzunguke kwa dakika chache, uondoke. Lakini pale palikuwa kisiwa, kilichojengwa kwa mikono mwaka 1636 ili Wareno wafungiwe humo wasichanganyike na watu. Wareno walipofukuzwa 1639, Waholanzi wakahamishiwa humo 1641, na kwa zaidi ya miaka 200 hapakuwa na mlango mwingine wa biashara ya Ulaya katika Japani yote. Sukari, vitabu vya tiba, hariri, vyote vilipita kwenye daraja moja lenye walinzi. Bahari iliyokizunguka ilikuja kufukiwa, ndiyo maana leo unakiona kiko nchi kavu. Wachina nao walikuwa wengi kuliko Waholanzi, na wao walijengewa mtaa wao uliozungushiwa ukuta mwaka 1689. Mahekalu yao bado yapo; Sofukuji lenye lango jekundu nendeni asubuhi mapema, kabla ya watu.

Sasa nisikilize vizuri hapa, kwa sababu hapa ndipo ratiba ya wakala ilipokosea zaidi. Ameandika "Bustani ya Glover, Kanisa la Oura, Bustani ya Amani, chakula cha mchana" katika asubuhi moja. Usikubali. Oura na Urakami, lile bonde lenye Bustani ya Amani, zinataka siku mbili tofauti, na mpangilio wake una maana.

Siku ya kwanza nendeni Oura. Kanisa lile lilikamilika 1864 kwa ajili ya wageni wa bandari, kwa kuwa Ukristo ulikuwa bado umepigwa marufuku kwa Wajapani tangu karne ya 17. Mwezi Machi 1865 kikundi cha wanakijiji wa Urakami kiliingia, wakamnong'oneza padri Mfaransa, Petitjean, kwamba imani yao ni moja na yake. Vizazi hadi vizazi walikuwa wameificha bila padri wala kanisa. Serikali ilipojua iliwahamisha maelfu yao kwa nguvu, na hawakurudi hadi 1873. Waliporudi wakaanza kujenga kanisa kubwa la matofali kwao Urakami, kwa fedha zao za kilimo, miaka na miaka.

Siku ya pili pandeni tramu mpaka Urakami. Tarehe 9 Agosti 1945, saa tano na dakika mbili asubuhi, bomu la atomiki lililipuka juu ya bonde lile. Ndege ilikuwa imekusudia Kokura, lakini haikuona shabaha kwa mawingu na moshi. Kanisa lile la matofali lilikuwa kama mita 500 tu kutoka hapo, na waliokuwa ndani wote walikufa. Mpaka mwisho wa mwaka watu wapatao 74,000 walikuwa wamefariki. Vilima vilivyotenganisha bonde na bandari ndivyo vilivyoukinga mji wa zamani, na ndiyo sababu nyumba ya Glover, mfanyabiashara wa Uskoti, ya 1863, kanisa la Oura na yale mahekalu ya Wachina bado yamesimama kwa nyinyi kuyatazama. Chuo cha tiba cha mji kilikuwa bondeni pia. Walimu na wanafunzi walikufa kwa mamia wakiwa darasani na wodini, na kitivo cha tiba kipo pale pale Sakamoto hadi leo. Mimi nimesomea pale pale, juu ya ardhi ile, mwanangu, kwa hiyo siwezi kuiona ikiwekwa kati ya bustani ya maua na chakula cha mchana.

Siku hiyo msipange kitu kingine. Makumbusho, kisha eneo la mlipuko, kisha rafiki zangu wa zamani wa matembezi: miti miwili ya mkafuri ya hekalu la Sanno, iliyoungua na ikachipua tena, na lile lango la mawe lililobaki na mguu mmoja. Jioni rudini chumbani.

Chakula najua ndicho kinachomsumbua mumeo. Samaki wa Nagasaki ni wa kila aina na ni wabichi kweli, hamtalala njaa. Lakini champon, tambi maarufu za mji, zina nguruwe kwenye nyama na kwenye mchuzi, na vyakula vingi hutiwa mirin au sake, pombe za mchele. Kula kwa fahari kwa Nagasaki ni shippoku: meza ya duara ya rangi nyekundu, sahani katikati, na kila mtu anachota humo humo kama tulivyozoea sinia. Kwingine Japani kwa desturi kila mtu hula na chombo chake; kula huku kwa pamoja ni urithi wa Wachina na Wareno. Kagetsu, pale Maruyama, ni nyumba ya tangu 1642. Shippoku huwa na kipande cha nguruwe, basi hoteli iwaulize mapema kama wanaweza kuwapikia bila hicho na bila pombe. Wakisema hapana, msilazimishe, ombeni mahali pengine pa samaki. Keki ya kasutera waliyoacha Wareno ni mayai, unga na sukari, ila someni karatasi ya nyuma kwanza.

Usiku miwili ya mwisho iwe Unzen, kwenye milima ya rasi ya Shimabara. Kodini gari na dereva, ni pesa nzuri. Mabafu ya maji moto ya pamoja huingiwa bila nguo, wanaume kwao na wanawake kwao, na najua hamtapenda. Ombeni chumba chenye bafu lake la nje. Ndicho cha ghali, na hapo ndipo ghali inapostahili. Njiani mwambieni dereva awateremshe hadi Kuchinotsu. Bandari ile ndogo ndipo alipotua Valignano, padri Mwitaliano, mwaka 1579 akiwa na Mwafrika aliyekuja kumtumikia mbabe wa vita Oda Nobunaga kwa jina la Yasuke. Padri mmoja wa karne ya 17 aliandika kwamba alitoka Msumbiji. Karne tatu baadaye, mabinti maskini wa rasi hiyo na visiwa vya Amakusa walitolewa kwa siri kwenye meli za makaa ya mawe kuuzwa ng'ambo, na baadhi yao walifika mpaka Unguja. Watalii hawaendi Kuchinotsu. Nyinyi nendeni.

Kisiwa cha Hashima, kile cha mgodi uliofungwa 1974, nawaachia wenyewe. Mawimbi yakiwa makubwa boti haziruhusiwi kufunga gati, na wakati wa vita Wakorea na Wachina walilazimishwa kufanya kazi chini ya bahari ile. Hilo mlijue kabla ya kukata tiketi.

Majira: Aprili, au mwisho wa Oktoba hadi Novemba. Juni na Julai ni mvua, Agosti na Septemba ni joto na tufani. Mkitaka sikukuu ya Kunchi, tarehe 7 hadi 9 Oktoba, mitaa inapokokota merikebu za magurudumu mbele ya hekalu la Suwa, chumba kishikeni miezi mingi kabla. Na kwa paspoti zenu za Kenya lazima viza, anzeni na ubalozi wa Japani hapo Doha kabla hamjalipa chochote kisichorudishwa.

Tarehe mkishakubaliana, nitumie. Nitawaandikia kwa Kijapani karatasi ya vitu msivyokula, mumeo aipige picha aiweke kwenye simu.

Mama yako