Kichujio cha Sauti Kisichokula Betri wala Kupiga Mluzi

Wengi wakitaka kichujio cha sauti cha kutumia betri, kinachopitisha masafa ya chini na kuzuia ya juu, hutafuta kwanza opampu (chipu ya kukuza mawimbi) inayokula mkondo mdogo kuliko zote. Mimi opampu huiweka mwisho. Naanza na rezista.

Rezista kubwa humpunguzia opampu mzigo wa kusukuma mkondo, lakini huongeza kelele. Rezista moja ya 10 kΩ, katika joto la kawaida la chumba, hutoa kelele ya takriban 1.8 µV ndani ya masafa ya 20 kHz. Ipandishe hadi 100 kΩ, inakuwa kama 5.7 µV. Penye mawimbi hafifu ya maikrofoni utaisikia. Penye mawimbi ya volti nzima, wala hutajali. Basi chagua rezista kubwa kabisa ambayo kelele yake unaivumilia, ndipo ukokotoe kapasita.

Kapasita ziwe za filamu au C0G (aina ya kauri isiyobadilika thamani kwa urahisi). Zile za X7R, aina nyingine ya kauri, ni ndogo, zinavutia, ila thamani yake hubadilika volti inapobadilika. Kona ya kichujio, yaani masafa ambapo kinaanza kukata, huhamahama ndani ya wimbi lenyewe, na sauti huharibika.

Kuhusu uthabiti, nina msimamo mkali: katika Sallen-Key, muundo wa kichujio wa opampu moja, rezista mbili na kapasita mbili, usikuze. Ukitumia rezista sawa na kapasita sawa, Q (kipimo cha ukali wa kilele kwenye kona) ni 1 kugawanya kwa (3 kutoa ukuzaji). Ukuzaji wa 2.9 unakupa Q ya 10. Ukiteleza hadi 2.93 tu, Q inapita 14. Ukifika 3, umeunda kipiga mluzi. Ukuzaji ukiwa 1 na rezista zikiwa sawa, Q huamuliwa na uwiano wa kapasita. Kwa Butterworth ya daraja la pili (kichujio kisicho na kilele, Q ya 0.707), kapasita ya mrejesho, inayotoka kwenye mlango wa kutokea wa opampu, iwe mara mbili ya ile inayokwenda ardhini.

Sasa opampu. Zinazokula kidogo huwa pia na kasi ndogo. Kanuni yangu: zidisha masafa ya kona kwa Q, kisha kwa 100. Kona ya 16 kHz yenye Q ya 0.707 inadai opampu yenye kasi (zao la ukuzaji na masafa, GBW) ya takriban 1.1 MHz. Chini ya hapo kona hujisogeza, na masafa ya juu hupenya kupitia kapasita ya mrejesho kana kwamba hakuna kichujio.

Kama kuna waya mrefu mbele, weka rezista ya 100 Ω kwenye mlango wa kutokea. Uwezo wa waya wa kuhifadhi chaji, kama kapasita, huzitikisa sana opampu hizi. Kisha ingiza wimbi la mraba, utazame kingo zake kwenye oskiloskopu, betri ikiwa mpya na ikiwa inakaribia kuisha.