Re: Majina ya pwani ya Uskoti
Ndugu, umeuliza kwa nini majina mengi ya mahali kule pwani ya magharibi ya Uskoti huanza na Kin-, na kama jina la kijiji cha Applecross huko lina uhusiano na matufaha (apple kwa Kiingereza). Kin- ni ceann, neno la Kigaeli, lugha ya asili ya huko, yaani kichwa. Eneo la Kintail, kwa mfano, ni Ceann an t-Sàile, kichwa cha maji ya chumvi: pale bahari inapokomea ndani ya nchi. Applecross haihusiani na matufaha! Zamani ni Aporcrosan, mdomo wa mto Crossan, wasemao Kiingereza wakaligeuza. Wenyeji wanaosema Kigaeli hupaita A' Chomraich, mahali pa kimbilio, kwa ajili ya monasteri aliyoianzisha Mtakatifu Maelrubha mwaka 673. Mimi hilo ndilo nilipendalo kuliko yote. Ukikuta mahali paitwapo Tarbert, maana yake ni shingo ya nchi kavu kati ya maji mawili.