Ligamenti ya goti imekatika: nipasuliwe lini, na nirudi uwanjani lini?

SWALI: Daktari, habari za kazi. Nina miaka 24, nacheza winga ligi ya mkoa, na riziki yangu ni kuweka vigae vya sakafuni. Wiki mbili zilizopita niligeuka ghafla na mpira, goti la kulia likalia "pwa", usiku uleule likavimba. Kipimo cha MRI kinaonyesha ligamenti ya mbele (ukanda unaofunga fupa la paja na ugoko) imekatika yote na meniskasi ya ndani (kitako laini kati ya mifupa hiyo miwili) imechanika. Nimeshauriwa upasuaji. Kocha anataka nifanyiwe wiki hii ili niwahi msimu, miezi sita ijayo. Ni sawa? Na hiyo ligamenti mpya inatoka wapi?

JIBU: Wiki hii hapana, ndugu yangu, labda kama goti limejifunga, yaani halinyooki hata ukisaidiwa. Goti la namna hiyo mara nyingi limebanwa na kipande cha meniskasi kilichopindukia katikati ya kiungo, na hilo halingoji. Kama halijajifunga, kwanza litulie. Goti linalopasuliwa likiwa bado limevimba na lina joto huota kovu ndani, likabaki gumu hata kama ligamenti mpya imewekwa vizuri. Kwa wengi wiki tatu hadi sita zinatosha. Uko tayari pale uvimbe unapokwisha, goti linaponyooka sawa na lenzake, na unapoweza kuinua mguu mzima ukiwa umenyooka bila goti kulegea. Ukilala chali, weka taulo lililoviringishwa chini ya kisigino ili goti lijinyooshe lenyewe, dakika kumi, mara kadhaa kwa siku. Mto chini ya goti usiweke kabisa: unatuliza maumivu lakini unalizoeza kukaa limekunjwa.

Si kila aliyekatika ligamenti hii, tunayoiita ACL, lazima apasuliwe. Katika utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 2010, watu 59 walianza na mazoezi tu; baada ya miaka miwili ni 23 waliokuwa wameishia kupasuliwa, na kwa wastani hali ya magoti yao haikutofautiana na ya waliopasuliwa mapema. Ila wewe ni winga, kazi yako ni kukata kona kwa kasi, na meniskasi imeshachanika. Goti lisilo imara litaendelea kuitafuna. Ushauri uliopewa ni sahihi.

Ligamenti iliyokatika yote kwa kawaida haishonwi. Hutengenezwa mpya kwa kano, yaani kamba inayounganisha msuli na mfupa, ya mwili wako mwenyewe. Kano za nyama za nyuma ya paja hukunjwa mara nne, na kifurushi kinapaswa kufika unene wa milimita 8 au zaidi, kwa sababu chembamba hukatika upesi zaidi kwa vijana. Njia ya pili ni theluthi ya kati ya kano iliyo chini ya pia ya goti, ikiwa na kipande cha mfupa kila ncha. Hushika haraka kwa kuwa mfupa unaungana na mfupa, lakini huacha maumivu mtu anapopiga magoti. Wewe unashinda umepiga magoti juu ya saruji, kwa hiyo hii nisingekuchagulia. Ya tatu hutoka juu ya pia ya goti, kwenye msuli wa mbele ya paja. Ni nzuri kama daktari wako ameizoea.

Aina ya kano hubishaniwa sana, lakini ninachokihofia zaidi ni mahali pa matundu yanayotobolewa kwenye mifupa. Daktari huingiza kamera kupitia tundu dogo, hutoboa njia moja kwenye ugoko na nyingine kwenye fupa la paja, kisha huivuta kano na kuifunga. Njia ya paja ikitobolewa mbele mno au wima mno, kano hukaza goti likikunjwa au hushindwa kulizuia lisizunguke. Hiyo ni miongoni mwa sababu kuu za kiufundi za upasuaji huu kufeli. Muulize daktari wako anafanya upasuaji huu mara ngapi kwa mwaka. Muulize pia kama meniskasi itashonwa au itakatwa. Ikishoneka, ishonwe, hata kama utatumia magongo wiki nne hadi sita badala ya mbili hivi; ikiondolewa, gegedu inayofunika ncha za mifupa husagika mapema.

Msimu huo hutauwahi. Kano iliyopandikizwa hulegea kabla ya kuimarika, na udhaifu huo huwa mkubwa kati ya wiki ya 6 na ya 12, wakati ambapo maumivu yameisha na wewe unajiona mzima. Kukimbia mbele kwa mstari huanza mwezi wa tatu au wa nne, nguvu ya paja ikiruhusu. Mechi si kabla ya miezi tisa: utafiti wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba kila mwezi wa kusubiri, hadi wa tisa, ulipunguza kuumia tena kwa takriban nusu. Na miezi pekee haitoshi. Nguvu ya msuli na kuruka kwa mguu mmoja vifikie asilimia 90 ya mguu ambao haukuumia. Mpe kocha vipimo hivyo avione.

Baada ya upasuaji, homa, usaha au goti kuvimba upya ni dalili za maambukizi. Shavu la mguu likivimba na kuuma, huenda damu imeganda kwenye mshipa. Rudi hospitali siku hiyohiyo. Goti lisiponyooka kikamilifu kufikia wiki ya sita, mwambie daktari: kovu linaweza kuwa limeota mbele ya kano, nalo huondolewa kwa kamera.