Hosteli ya masista si gesti: maneno yangu kwa anayeripoti Septemba

Binti ya mamangu mdogo kapata nafasi chuo cha Kikatoliki, kile cha kulala humohumo ndani, na tangu barua itoke hana raha. Juzi kanifuata uani nikikuna nazi akaniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, ni kweli usipoenda misa wanakufukuza?" Nilicheka nusura nianguke kwenye mbuzi. Ameambiwa na watu ambao hawajalala huko hata usiku mmoja, ndio shida ya hapa Mombasa, kila mtu ana habari za nyumba ya mwenzake.

Mimi nimelala hosteli ya namna hiyo miaka minne, chuo kiko upande wa kaskazini huko na nyumbani ni Likoni. Kwa hivyo nilimwambia ninayoyajua, na mengine nayaandika hapa kwa sababu mamake alikuwa amekaa pale pale asikia.

Hilo la misa kwanza. Hakuna anayekusukuma. Hata Papa Yohane Paulo wa Pili, kwenye waraka wake wa mwaka 1990 kuhusu vyuo vikuu vya Kikatoliki, alisema wazi kwamba uhuru wa dhamiri wa kila mtu uheshimiwe, na mimi nimesoma na Waislamu, Waadventista na wengine wasiokuwa na habari na dini yoyote, wote wamemaliza. Ila kengele utaisikia. Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, kila siku ya Mungu, na kanisa liko ukutani mwa hosteli, ukitaka usitake utaamka. Wiki mbili za mwanzo utalaani, baadaye utashangaa ukiwa likizo nyumbani unaamka saa hizo hizo peke yako. Na mavazi ndiyo kelele yangu, mpaka leo sijaelewa jua la Februari la Mombasa na mikono mirefu vinakutania wapi, nikabishana nikashindwa nikanunua madera mawili ya kuvaa ndani ya hosteli, basi yakaisha.

Sasa kosa langu, na hapa msome vizuri nyinyi mnaosoma karibu na kwenu.

Karibu miaka miwili ya kwanza, kila Ijumaa jioni mimi nilikuwa na begi mgongoni naelekea Likoni. Chakula cha mama, kitanda changu, wali wa nazi, nani angekataa? Jumapili usiku ndio narudi. Nikijiona mjanja eti nakula vizuri na nauli ni kidogo tu kwa vile kivukoni mtu wa miguu halipi. Sikujua kwamba Jumamosi ndiyo siku hosteli inakuwa nyumba ya watu. Watu wanafua pamoja, wanasafisha vyoo kwa zamu, wanapiga diskashen za mitihani barazani, jumuiya inakutana, mtu analia habari za kwao mwenzake anamsikiliza. Zamu zangu za usafi zilikuwa zinafanywa na wengine, na hawakusema kitu, wakanyamaza tu. Mimi nilikuwa kama abiria, nalala nateremka.

Halafu Jumapili moja ya Mei, mvua ya masika ile ya kumwaga, nikachelewa kutoka nyumbani, kivukoni foleni imefika nje kabisa, nikavuka nikapata matatu ya kwanza, ya pili ikakwama kwenye maji njiani. Geti letu lilikuwa likifungwa saa mbili na nusu. Nimefika saa tatu na robo, viatu mkononi, dera limenigandia. Askari hakunifokea, alifungua tu kile kitabu kikubwa cha kutoka na kuingia akapitisha kidole kwenye ukurasa wa Ijumaa, akashuka nacho mpaka chini, akapandisha tena. Jina langu halikuwepo. Sikuwa na tabia ya kusaini, nilikuwa natoka tu na wale wa kutwa.

Sista msimamizi akaja na tochi, ndara miguuni, leso kichwani mahali pa shela, yaani ametoka kitandani. Nikajua leo ni leo. Akaniangalia akaniuliza swali moja tu: "Humu ndani nani alijua uko wapi?" Nikafungua mdomo nitaje mtu. Sikuwa na mtu. Hata niliyelala naye chumba kimoja hakuwa na namba ya mamangu.

Nilipewa barua ya mzazi na wiki mbili za kutotoka nje ya geti, na kuosha sufuria za maharagwe jikoni, zile sufuria kubwa mtu anaingia kichwa na mabega. Na nitasema ukweli, zile wiki mbili ndizo zilizonifanya nikajua ninaishi na kina nani. Mpishi mkuu nikamjua, wasichana wa zamu nikawajua, na Jumamosi ya kwanza nikasugua vyoo vyote vya ghorofa yetu bila kuambiwa, kwa aibu tu.

Kwa hivyo saini. Mpe rumeti wako namba ya nyumbani siku ya kwanza kabla hamjatandika hata vitanda. Na ukiona foleni kivukoni ni ndefu pigia matroni hapo hapo kabla geti halijafungwa, kwa sababu ukipiga saa moja unatoa taarifa, ukipiga saa tatu ni visingizio hata kama ni kweli.

Rumeti wangu huyo alikuwa Muislamu wa Mji wa Kale na ndiye aliyenifunza kuomba vitu mapema. Mwaka 2025 Ramadhani ilianza siku chache tu kabla ya Jumatano ya Majivu, siku Wakatoliki tunapoanza Kwaresima, ambayo ilikuwa tarehe 5 Machi, wote wawili tukawa tuna mfungo. Yeye wiki mbili kabla alishaenda jikoni na kwa sista akaeleza daku yake na futari, wakamwekea chakula kila jioni bila maneno. Siku ile ya Majivu akaniangalia nakunywa maji akauliza, "Kwani nyinyi funga yenu maji mwanywa?" Nikamwambia twanywa. "Basi hiyo si funga mwanangu, hiyo ni dayati." Ijumaa jikoni hakuna nyama mpaka Pasaka, tunakula maharagwe, lakini yeye mamake alikuwa akituma kaimati na tambi, na mimi nikaanza kungoja magharibi naye.

Karo pia ni hivyo hivyo. Mkopo ukichelewa usijifiche mpaka wiki ya mitihani ndio uende kulia huna kadi ya mtihani. Nenda kwa mhasibu wiki ya tatu au ya nne, na hicho kidogo ulichonacho, sema utamalizia lini. Na uliza kazi za chuoni, mimi nilipanga vitabu maktaba mihula mitatu.

Vitu vya kubeba sitakuchosha. Neti. Ndoo mbili, kwa sababu kwetu maji ya bomba yalikuwa ya chumvi, sabuni haitoi povu na nywele zinakuwa kama katani, moja iwe ya maji matamu ya kununua. Feni ndogo uliza kwanza kama wanaruhusu. Koili ya kuchemshia maji acha nyumbani, zangu mbili zilichukuliwa na sikuziona tena.

Basi yule mdogo wangu kasikiliza yote, kanyamaza, halafu akauliza, "Sasa mahamri ya Jumapili je?" Nikamwambia aende nyumbani mara moja kwa mwezi, zile Jumapili nyingine nitamletea mimi na mbaazi zake, kabla ya saa kumi na mbili, na aje mwenyewe getini aniandikishe kwenye kitabu cha wageni.