Kabla hujashangilia majani yako ya mpera

Mdogo wangu uliyeingia maabara wiki hii na mfuko wa majani ya mpera, karibu. Mimi pia nilianza kwa kupima kama mpera huzuia Escherichia coli, bakteria wa utumboni. Nilikulia kwenye nyumba ambayo mtoto akiharisha, bibi anabandika sufuria ya majani hayo, kwa hiyo vishimo vya sahani yangu vilipotoka safi, bila bakteria, sikushangaa hata kidogo. Nilitembea na furaha yangu siku mbili. Siku ya tatu mwenzangu akauliza: kishimo chenye DMSO peke yake, kile kiyeyusho cha dawa, kiko wapi?

Sikukiweka. Niliporudia, DMSO ikawazuia bakteria bila msaada wa mpera, maana niliimimina nyingi mno.

Tangu hapo napanga kontroli kwanza, yaani vishimo vya kulinganishia, dawa baadaye. Bakteria na mchuzi wao wa kukulia tu. Mchuzi bila bakteria. DMSO kwa kiasi kilekile kilichomo kwenye dawa. Siprofloksasini, antibiotiki inayojulikana. Halafu kamuo, yaani viini vilivyotolewa kwenye majani, bila bakteria, na hicho ndicho kishimo ambacho wageni wengi hukiruka. Resazurini, rangi ya kuonyesha uhai, ni ya bluu, bakteria walio hai huigeuza waridi; lakini mpera umejaa tanini na polifenoli nyingine, kemikali za asili za mmea, nazo zinaweza kuigeuza zenyewe. Utaandika kwamba dawa imeshindwa, kumbe hakukuwa na bakteria hata mmoja aliyebaki.

Bakteria wawe wa jana usiku, si wa wiki iliyopita. Linganisha ukungu wanaoutia kwenye kimiminika na ule wa McFarland 0.5, kimiminika sanifu cha kulinganishia, ambao ni sawa na bakteria kama milioni 150 kwa mililita, kisha zimua hadi kama laki 5 kwa mililita ndani ya kishimo. Ukiwazidisha, dawa nzuri itaonekana dhaifu.

Kwenye agari, ile jeli ya kukuzia bakteria, usizishindanishe dawa kwa upana wa duara lisiloota bakteria. Tanini ni molekuli kubwa, zinajivuta polepole, na duara dogo huenda ni habari ya mwendo tu. Tafuta kiwango cha chini kabisa kinachozuia ukuaji. Kamuo ghafi likizuia kwa mikrogramu 100 kwa mililita au chini yake, lifuatilie. Likihitaji zaidi ya miligramu 1, usiandike kwamba ni dawa kali.

Na muulize aliyekupa mti huo wa dawa anautengenezaje. Yeye huchemsha kwa maji, sisi tunaloweka kwenye ethanoli. Pima yote mawili. Ukipima la ethanoli peke yake umepima dawa yako, si yake. Majani yakaushe kivulini, na tawi lenye maua au matunda lipeleke kwa mtaalamu wa mimea alitambue na kulihifadhi.

Kamuo likishindwa kuua bakteria, usikimbilie kusema bibi alikosea. Kuhara kwingi kwa watoto huletwa na virusi, na kwersetini, kemikali inayotokana na majani ya mpera, hupunguza kasi ya misukumo ya utumbo. Sahani yako haina utumbo.

Shangazi aliposikia ninachofanya alinipigia simu, mjukuu anaharisha, nimpe kipimo cha mpera. Sikumpa. Nilimwambia amnyweshe maji ya ORS, yale ya chumvi na sukari ya pakiti, kidogokidogo, aende kituo cha afya wampe na vidonge vya zinki, na akiona damu kwenye choo asingoje hata kupambazuke.